Jezi ni Kauli: Utani na Uhasama katika Rangi za Timu

Siku ya gozi la Mashemeji, jiji la Nairobi hugawika rangi mbili hata kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja. Tangu asubuhi mashabiki wa Gor Mahia hujitokeza wakiwa wamevalia kijani na nyeupe, nao wa AFC Leopards wakawa katika buluu na nyeupe. Wapo wanaojipaka rangi usoni, wapo wanaojifunga vitambaa kichwani, na yule asiyemudu bei ya jezi hutafuta shati kuukuu lenye rangi iliyo karibu na ile ya timu yake, mradi asionekane hana upande. Matatu moja huweza kuwabeba wote hao. Humo ndani huwa ni vijembe, nyimbo na vicheko. Abiria anayeshuka njiani husindikizwa kwa dhihaka na watu wasiomjua kwa jina wala kwa sura, ila wanamjua kwa shati lake.

Wapo wanaoyatazama haya na kuyaona kuwa mchezo wa watoto waliokomaa kwa umri tu. Kwao, jezi ni nguo kama nguo nyingine, na mtu mzima anayekosa usingizi kwa sababu ya rangi ya shati anastahili kuhurumiwa. Makala haya yanashikilia rai tofauti. Jezi ya timu ni kauli iliyokamilika, yenye msemaji, msemwa na hadhira. Aidha, kauli hiyo katika Afrika Mashariki imeweza kutamkwa kwa muda mrefu bila madhara makubwa kwa sababu ililelewa ndani ya utani. Pale utani unapotoweka, rangi ileile iliyochekesha asubuhi huweza kuumiza jioni.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwani utamaduni anaousoma umejaa mavazi yanayosema. Mfano ulio karibu ni leso, au kanga kama wanavyoiita wengine. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Mwanamke wa Mombasa au wa Unguja huweza kujifunga leso yenye ujumbe aliouchagua kwa makini, akapita mbele ya mlango wa jirani waliyekosana naye, na wala asifungue kinywa. Jirani atasoma na ataelewa. Akilalamika, atajibiwa kuwa hiyo ni nguo tu. Leso imesema, na aliyeivaa hakusema.

Jezi nayo hufanya kazi kwa njia hiyo, japo ipo tofauti moja inayofaa kuzingatiwa. Jina la leso huchaguliwa na mvaaji, ilhali maandishi yaliyo kifuani mwa jezi huchaguliwa na mdhamini aliyeyalipia. Leo ni kampuni ya bia, kesho ni benki, kesho kutwa ni kampuni ya kamari. Hata hivyo, shabiki hasomi maandishi hayo. Mdhamini huja na kwenda, na shabiki hatikisiki. Kinachosomwa ni rangi. Katika jezi, rangi ndiyo jina.

Wanaisimu wanaomfuata Ferdinand de Saussure hufundisha kwamba ishara haipati maana peke yake, bali huipata kutokana na tofauti yake na ishara nyingine. Kijani cha Gor Mahia kingekuwa rangi ya majani tu lau kusingekuwako buluu ya AFC Leopards ng'ambo ya uwanja. Wekundu wa Simba ya Dar es Salaam usingekuwa na uzito iwapo Yanga wasingevaa njano na kijani. Wapenzi wa Simba wameufanya wekundu huo kuwa jina lao kamili, wakaitwa Wekundu wa Msimbazi. Kivumishi kimegeuka nomino, na nomino imegeuka ukoo. Lakini ukoo huo unamhitaji mpinzani ili uwepo. Shabiki anayeomba mpinzani wake afutike duniani anaomba, bila kujua, kwamba rangi yake mwenyewe ipoteze maana.

Hili halikuanza na kandanda. Mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma za beni zilienea katika miji ya pwani na kuingia bara. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa muziki, kwa karamu na kwa sare zilizoiga mavazi ya kijeshi. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, na Lamu ilikwisha kuzoea mashindano ya mitaa yake miwili, Mkomani na Langoni. Mtu alijulikana ni wa upande gani kwa ngoma aliyoicheza na vazi alilolivaa. Kandanda ilipokita mizizi, ilikuta hadhira iliyokwisha kufunzwa namna ya kuwa na upande. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na klabu iliyokuja kuitwa Simba mwaka 1971 iliasisiwa mwaka 1936, wakati ambapo kumbukumbu za beni zilikuwa bado mbichi. Kwa hivyo, anayedhani kwamba ushabiki wa rangi ni ugonjwa ulioletwa na televisheni hana budi kuitazama historia upya.

Wala hisia hizi si za Afrika Mashariki pekee. Mwaka 2012, Vincent Tan, tajiri wa Malaysia anayeimiliki klabu ya Cardiff City ya Wales, aliamua kwamba timu hiyo iliyozoeleka kwa buluu ivae nyekundu. Aliiona nyekundu kuwa rangi ya bahati na yenye mvuto katika soko la Asia. Msimu uliofuata, Cardiff ilipanda hadi Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa ndani ya jezi hiyo nyekundu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu hiyo kucheza katika daraja la juu kabisa tangu mwaka 1962. Mtu angetarajia kwamba ushindi ungefuta manung'uniko. Haikuwa hivyo. Mashabiki waliendelea kudai buluu yao, na mnamo Januari 2015 timu ikarejeshewa rangi yake. Funzo lililopo hapo ni zito: walikuwa wamepewa ushindi, nao wakasema kwamba ushindi uliovaa nguo ya mwingine si wao.

Huko Manchester nako, mwaka 2010, maelfu ya mashabiki wa Manchester United waliingia uwanjani wakiwa na skafu za kijani na dhahabu badala ya nyekundu. Hizo zilikuwa rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya mwaka 1902. Walikuwa wakiipinga familia ya Glazer iliyoinunua klabu mwaka 2005. Hawakuhitaji hotuba. Kuvaa rangi ya babu mbele ya mmiliki mpya kulitosha kumwambia kwamba amenunua hisa na hakununua nasaba.

Kenya ina kisa chake, na pengine ni kizito kuliko hivyo viwili. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United ililazimika, kufikia mwaka 1980, kujiita AFC Leopards kutokana na amri ya serikali iliyokataza vyama na timu kubeba majina ya kikabila. Gor Mahia nayo, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri katika visa vya Waluo, ilijisitiri kwa muda chini ya jina la Gulf Olympic Rangers, ambalo herufi zake za mwanzo ziliendelea kutamka GOR. Nia ya amri hiyo ilieleweka. Taifa changa lilitaka viwanja visiwe mahali pa kupimana nguvu za makabila. Lakini amri iligusa majina tu. Haikuweza kugusa kile mashabiki walichokibeba moyoni, na kila walipokutana uwanjani walijuana kama kawaida.

Hapa ndipo palipo na kiini cha hoja. Ikiwa kubadilisha majina hakukuondoa migawanyiko, ni kitu gani kilichoizuia isilipuke kila Jumapili? Jibu limo katika jina ambalo umma wenyewe umeupa mchuano huo: Mashemeji. Neno hili linakumbusha kwamba Waluo na Waluhya, jamii zilizozilea timu hizi mbili, ni majirani waliooana kwa vizazi vingi. Anayevaa buluu huenda mama yake au mke wake alizaliwa katika boma la kijani. Shemeji hutaniwa. Shemeji hufanyiwa kejeli mbele za watu naye akacheka, kisha akarudisha yake iliyo kali zaidi. Tanzania nako Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na kila mtangazaji wa mpira hulitamka neno hilo bila kufikiri, kama kwamba ni sehemu ya majina ya timu zenyewe.

Ni vyema lifikiriwe. Utani katika jamii za Kiafrika si mzaha holela. Ni uhusiano wenye kanuni. Mtani anaruhusiwa kukutukana, ila haruhusiwi kukudhuru. Katika utani, anayekasirika ndiye aliyekosa. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote huonekana penye msiba: mtani ndiye anayefika mapema, ndiye anayeshika jembe kaburini, na ndiye anayethubutu kumchekesha mfiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu. Kwa maneno mengine, haki ya kumkejeli mtu huenda sambamba na wajibu wa kumzika. Asiyekuwa tayari kwa wajibu huo hana haki ya kejeli.

Kanuni hiyo ilipimwa tarehe 23 Oktoba 2010 katika uwanja wa Nyayo. Watu saba walipoteza maisha katika mkanyagano langoni, walipokuwa wakijaribu kuingia kutazama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Haukuwa ugomvi wa rangi. Ulikuwa msongamano wa watu waliopenda kitu kimoja. Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa katika jezi yake alirudishwa akiwa amefunikwa. Mbele ya msiba wa namna hiyo, swali la nani alivaa kijani na nani alivaa buluu halina nafasi. Linalobaki ni kama mtani alifika matangani.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudai kwamba utani umebaki imara. Mnamo Machi 2012, katika uwanja uo huo, mchuano wa timu hizo ulisimama kwa muda kutokana na fujo za mashabiki. Mashabiki wanapomzingira mtu mmoja kwa sababu ya shati alilolivaa, wanapomvua jezi kwa nguvu au kumrushia jiwe, utani huwa umekwisha. Kumvua mtu jezi ni kumziba kinywa. Ni kumwambia kwamba kauli yake haistahili kujibiwa kwa kauli.

Hatari hii nchini Kenya ina historia nje ya kandanda. Mwaka 2005, katika kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba, waliokataa walipewa alama ya chungwa na waliokubali wakapewa ndizi. Muda si muda, hata rangi ya shati ikaanza kusomwa kama kura. Miaka miwili baadaye, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Hawakuuawa kwa sababu ya jezi. Waliandamwa kwa majina yao, kwa lafudhi zao na kwa mahali walipozaliwa. Lakini zoea lililo nyuma ya unyama huo ni lilelile: kumsoma mtu kwa alama moja, kisha kukifunga kitabu. Jamii iliyopitia hayo haina anasa ya kupuuza namna mashabiki wake wanavyosomana.

Kwa mantiki hii, suala la jezi za ng'ambo nalo linahitaji kutazamwa kwa jicho jingine. Mara nyingi vijana wa Kenya hulaumiwa kwa kuvaa jezi za Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool huku wakizipa kisogo timu za nyumbani. Wanaolaumu hukumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Klabu za nyumbani zinahitaji mapato ya jezi na ya tiketi, na kila shilingi inayokwenda kwa jezi ya ng'ambo, tena mara nyingi jezi bandia, haimfikii mchezaji wa Nairobi, Kakamega wala Mombasa.

Lakini lawama hiyo haijibu swali moja: kwa nini jezi ya ng'ambo huvalika kwa urahisi hivyo? Sababu zipo nyingi, zikiwemo televisheni na ubora wa mchezo wenyewe. Ipo nyingine isiyotajwa sana. Ndugu wawili wa tumbo moja huweza kuvaa mmoja nyekundu ya Arsenal na mwingine buluu ya Chelsea, wakataniana usiku kucha, na hakuna mgeni atakayewauliza wanatoka wapi. Uingereza imewapa rangi, na jirani amewapa maana. Utani wao ni wa hapa hapa. Kijana huyo akivaa kijani cha Gor Mahia au buluu ya AFC, huenda swali la kwanza likawa ni jina la babake. Akiwa na jina lisilotarajiwa, atatakiwa kujieleza. Kwa baadhi ya vijana, jezi ya ng'ambo ni mahali pa kupumzika kutokana na swali hilo.

Hiki basi ndicho kipimo ambacho mashabiki wa Kenya wanapaswa kujiwekea: siku ambapo Kamau atavaa kijani, na Otieno atavaa buluu, na hakuna atakayewaomba maelezo, isipokuwa maelezo ya mabao waliyofungwa. Kipimo hicho si ndoto. Mwaka 1987 Gor Mahia ilipoitoa Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara la Afrika. Kombe hilo halikuwa la jamii moja, na aliyelishangilia hakuhitaji kuonyesha ukoo wake. Wachezaji wenyewe wamekwisha kuvuka mipaka hiyo kitambo. Meddie Kagere wa Rwanda alivaa kijani cha Gor Mahia hadi mwaka 2018, kisha akaingia katika nyekundu ya Simba, na mashabiki wa Dar es Salaam wakampokea kama mwana wao. Mchezaji hubadilisha rangi kwa mkataba. Shabiki hana mkataba, na ndiyo maana uaminifu wake una thamani. Lakini uaminifu usiomruhusu mwingine kuingia hugeuka kuwa uzio.

Je, wapenzi wa Kiswahili wana lipi la kufanya? Wana mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushabiki hufanyika kwa lugha. Kwanza, wanahabari na watangazaji wanaotumia Kiswahili wayapime maneno yao. Imekuwa desturi kuandika kwamba timu fulani imechinja, imenyonga au imezika nyingine. Maneno hayo hayana ubaya pale msomaji anapojua kwamba ni ya utani. Yanapoondolewa katika fremu hiyo na kuwekwa karibu na majina ya jamii, huanza kunuka damu. Neno 'watani' na neno 'mashemeji' si mapambo ya habari. Ndiyo yanayomwelekeza msomaji namna ya kuyachukua maneno mengine yote.

Pili, watafiti wa fasihi simulizi waende viwanjani. Vijembe vya mashabiki, majina ya utani ya wachezaji, nyimbo zinazobuniwa papo hapo na kusahauliwa wiki inayofuata, na hata mashati yanayoshonwa na kuchorwa kwa mkono, ni matini zinazostahili kukusanywa kwa bidii ileile inayotumiwa kukusanya methali na majina ya leso. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini jina fulani la leso lilimuudhi jirani fulani ana zana zote za kueleza kwa nini rangi fulani ilizua vicheko mwaka huu na mawe mwaka ujao.

Tatu, na hili ni la kila shabiki, utani ufundishwe. Mtoto anayevalishwa jezi ya timu ya babake kabla hajajua kutembea amepewa upande. Hilo si kosa. Kila mtu huzaliwa upande fulani. Kosa ni kumpa upande bila kumpa kanuni. Mzazi anayemvika mwanawe kijani au buluu ana deni la kumwonyesha pia yule jirani aliyevaa rangi nyingine, na kumwambia: huyu ni mtani wako, mcheke apendavyo kukucheka, na siku akifiwa uwe wa kwanza kufika.

Mchezo utakapokwisha na taa za uwanja kuzimwa, matatu zitarudi mjini zikiwa na rangi zilezile zilizokuja nazo. Aliyeshindwa atakuwa kimya dirishani, na aliyeshinda atakuwa akiimba. Iwapo aliyeshindwa ataweza kufika kwake akiwa bado amevaa jezi yake, haijachanika wala hajaivua kwa hofu, basi kauli yake itakuwa imesikika, na atakuwa na sababu ya kuivaa tena Jumapili ijayo.